Kuvua Mombasa Kuanzia Gatini Hadi Bahari Kuu: Mwongozo Kamili wa Likizo ya Siku Nne

Malalamiko huwa yale yale kila msimu. Mtu anashuka Mombasa na likizo yake, anakodi boti ya bahari kuu siku ya kwanza, anatapika tangu saa moja asubuhi hadi saa tano, anarudi bila samaki na bila hamu ya kuyaona maji tena. Mwingine anashinda ukutani Bandari ya Kale akiloweka chambo juani, na jioni anainuka mikono mitupu. Wote wawili wameteleza mahali pamoja: walipanga tarehe kwanza, bahari baadaye.

Hapa tunaugeuza mpango. Tunaanza na upepo na mwezi, ndipo tupande ngazi: gatini, ndani ya mwamba (ule ukingo wa matumbawe unaoikinga pwani), nje ya mwamba, mwisho kilindini. Kila siku inakupa kitu utakachokihitaji kesho yake. Siku nne zinatosha. Kama una mbili tu, acha bahari kuu kwa safari nyingine, hutakosa raha.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka nyumbani

Vya kuvulia
- Mshipi wa mkono wa nailoni, wa kuhimili kilo 15 hivi, mita 100. Chukua miwili, maana mmoja utaupoteza kwenye mawe.
- Ndoana za ukubwa mbalimbali. Kumbuka namba zinadanganya: kuanzia 1 kwenda juu, namba ikipanda ndoana inapungua, zenye alama ya 1/0, 2/0 na kuendelea ndizo zinazokua.
- Chubwi za risasi, nyepesi na nzito.
- Waya mwembamba wa kufungia ndoana, kwa ajili ya samaki wenye meno.
- Kisu, koleo, na glavu za kitambaa kigumu.

Rodi na rili za bahari kuu usinunue. Boti inazo, na ni ghali.

Vya mwilini
- Kofia yenye kamba, shati la mikono mirefu, miwani ya jua, viatu vya mpira visivyoteleza.
- Dawa ya kuzuia kichefuchefu. Muulize mfamasia, hasa ukiwa na mimba, presha au dawa nyingine unazotumia.
- Maji ya kunywa, lita tatu kwa mtu kwa siku nzima ya baharini.

Vya kubebea samaki
- Kasha la barafu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, kwa hiyo njoo na kikapu au mfuko wa kitambaa.

Chambo usibebe kutoka mbali. Utakinunua asubuhi ile ile.

## Hatua ya 1: Chagua upepo, kisha chagua mwezi

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Upepo. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Maji huwa safi, asubuhi bahari hutulia, na ndio wakati wa samaki wakubwa wa juu: sulisuli huonekana zaidi Novemba hadi Januari, nduaro huendelea hadi Machi. Kusi, upepo wa kutoka kusini, huanza Aprili pamoja na masika, na hukaza Juni na Julai. Miezi hiyo boti nyingi za burudani hupandishwa pwani kufanyiwa matengenezo, na zisizopandishwa zina sababu ya kukubembeleza. Kusi ikianza kulegea, Agosti hadi Oktoba, jodari huwa wengi. Kati ya pepo hizo mbili huja matlai, siku za bahari tulivu, nzuri sana kwa mgeni.

Ukiwa huna budi kuja wakati wa kusi, panga gati na ndani ya mwamba tu. Soma tahadhari za Idara ya Hali ya Hewa kuhusu upepo na mawimbi ya pwani, na ikitolewa tahadhari usimshawishi nahodha.

Mwezi. Hapa namaanisha mwezi mwandamo, ule wa kuhesabia mfungo. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana, na hapa Mombasa tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Siku za katikati huwa maji mafu, yanayopanda na kushuka kwa uvivu.

Siku za bamvua kubwa maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Kwa hesabu hiyo, mtu aliyetupa mshipi gatini saa tano asubuhi siku ya bamvua alikuwa akivua tope.

Gatini unataka maji yanayojaa, mvutano uwepo. Kwenye kina unataka kinyume: bamvua huvuta kwa nguvu hata chubwi isifike chini. Kwa hiyo fika tarehe 17 au 18 ya mwezi mwandamo, au tarehe 3 au 4. Siku ya kwanza maji ya jioni yatajaa karibu na magharibi, na siku zinazofuata mkondo utazidi kulegea unapoelekea nje. Thibitisha saa kwenye jedwali la maji la bandari ya Kilindini. Hesabu ya kichwani inatosha kupanga likizo, haitoshi kuvukia mwamba.

Angalia pia Ijumaa isiangukie siku yako ya boti ya kienyeji. Wavuvi wengi hawatoki asubuhi hiyo kwa ajili ya sala. Ramadhani nayo ina mwendo wake, mapatano yafanye mapema.

*Umefaulu ikiwa* unaweza kumwambia mtu, kwa kila siku ya likizo yako, maji yatajaa saa ngapi. Kabla ya hapo usilipe arbuni popote.

## Hatua ya 2: Mahali pa kulala

Lala Mji wa Kale au upande wa Nyali usiku wa kwanza, kisha hamia Mtwapa kwa siku za boti. Boti nyingi za uvuvi wa burudani hufunga ndani ya mto wa Mtwapa, na kutoka kisiwani alfajiri kuwahi boti ya saa kumi na mbili ni adhabu usiyohitaji. Ukija na treni kutoka Nairobi, inaishia Miritini. Weka nauli na muda wa kutoka hapo hadi mjini. Upande wa kusini, Diani na Shimoni, kuna boti nzuri pia, lakini foleni ya feri ya Likoni hukatisha tamaa.

## Hatua ya 3: Ruhusa

Kaskazini mwa mji, mbele ya Nyali, Bamburi na Shanzu, kuna Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iliyo chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Ina sehemu mbili. Ndani ya hifadhi yenyewe hakuvuliwi kabisa, hata kwa mshipi wa mkono. Eneo linaloizunguka huruhusu uvuvi wa kienyeji kwa masharti. Kwa macho si rahisi kuona mpaka, kwa hiyo usitegemee kukisia: muulize mwenye chombo mbele ya shahidi.

Uvuvi wa burudani una leseni yake chini ya Huduma ya Uvuvi ya Kenya. Boti za kukodi mara nyingi hukushughulikia. Omba kuiona karatasi. Kwenye diko, yaani pale samaki wanapopandishwa, kuna kamati ya wavuvi inayoitwa BMU (Beach Management Unit). Pita ofisini kwao utoe salamu kabla ya kutafuta ngalawa. Watakuelekeza kwa nahodha anayejulikana, na chombo kikichelewa kurudi kuna watu wanaojua mlielekea wapi.

Onyo: usipige picha upande wa bandari ya Kilindini wala kambi ya jeshi la majini Mtongwe. Usirushe mshipi kwenye njia ya feri au meli. Akikupeleka mtu anayevua kwa juya (wavu wa kukokota) au bunduki ya mkuki, shuka. Zana hizo ni haramu kisheria.

## Hatua ya 4: Siku ya kwanza, gatini

Anza saa tisa unusu jioni. Chambo ni kamba wadogo au vipande vya ngisi, vilivyokatwa virefu na vyembamba. Chukua na mkate kidogo: tafi ni mla mwani, nyama haimshughulishi, lakini donge la mkate humponza.

1. Funga chubwi mwisho wa mshipi kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wenyewe, na ndoana juu yake shubiri mbili. Chubwi ikinasa kwenye jiwe, uzi dhaifu utakatika na ndoana itabaki. Wengi hufunga kinyume na kupoteza kila kitu.
2. Usitupe mbali. Samaki wa gatini hukaa kwenye kivuli cha kuta na nguzo, mita mbili tatu kutoka miguuni pako. Wageni hurusha mpaka katikati ya maji, juu ya mchanga mtupu.
3. Acha chubwi iguse chini, kisha inua shubiri moja. Shika mshipi kati ya kidole gumba na cha shahada, usiufunge mkononi.
4. Chubwi ikigonga jiwe utasikia mguso mzito mmoja. Samaki hudokoa mara mbili au tatu. Ngoja udokozi ugeuke mvuto, ndipo uvute kwa mkono mrefu bila kusita.

Tarajia changu wadogo, tafi, chewa wa mawe, na kolekole wachanga wakipita kwa makundi maji yanapojaa. Wazee utakaowakuta hapo wasalimie, ukae mbali kidogo na mshipi wao, na uangalie wanachofanya. Ukimuuliza mzee moja kwa moja "samaki wako wapi" hutajibiwa. Muulize maji ya leo yakoje, utapata darasa zima.

Onyo: miiba ya tafi ina sumu. Mshike kwa glavu au kitambaa. Akikuchoma, tumbukiza sehemu iliyochomwa kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia kwa nusu saa au zaidi. Joto hupunguza makali ya maumivu. Uvimbe ukipanda, nenda hospitali. Bunju, yule anayejijaza upepo, mrudishe majini na usikubali mtu akwambie anajua kumpika.

*Umefaulu* ukiweza kutofautisha jiwe na samaki bila kuangalia. Idadi ya samaki leo haina maana sana.

## Hatua ya 5: Siku ya pili, ndani ya mwamba

Kodi ngalawa au mashua ndogo kwa asubuhi moja. Uvuvi hapa ni ule ule wa jana, kwa hiyo sitaurudia. Shabaha ya leo ni tumbo lako.

Kulewa bahari huja pale macho yanaposema umetulia na masikio yanasema unayumba. Ndani ya mwamba mawimbi ni madogo na pwani iko karibu, basi jipime hapa ambapo kurudi ni robo saa. Kunywa dawa saa moja kabla, au kama ulivyoelezwa na mfamasia. Kula kidogo, mahamri mawili na chai, bila mafuta mengi. Tumbo tupu hutapika vile vile, tena vibaya zaidi. Kaa karibu na tezi, yaani nyuma, ambako chombo hakirukiruki kama omo, yaani mbele, na tazama upeo wa bahari. Kufunga ndoana huku umeinama ndiyo njia ya haraka ya kuharibikiwa. Zifunge zote pwani.

Vaa jaketi la kujiokolea hata kama nahodha atakucheka. Muulize pia mtarudi saa ngapi kwa maji: maji yakipwa sana chombo hukaa mchangani na mtasubiri juani.

*Ukilewa* leo licha ya dawa, badilisha dawa na urudie kesho mahali hapa hapa. Kuendelea mbele ni kulipia ugonjwa.

## Hatua ya 6: Siku ya tatu, nje ya mwamba

Sasa unatoka mlangoni, ile nafasi kwenye mwamba. Milango mingine ni myembamba na mawimbi huvunjika pande zote, kwa hiyo muda wa kuvuka achague nahodha. Nenda na chombo chenye injini na mabaharia wawili.

Alfajiri, rambaza kando ya mwamba. Mshipi unaburutwa nyuma na chambo bandia au simu mzima (samaki mdogo wa jamii ya dagaa), chombo kikienda taratibu. Unayemtafuta ni nguru. Meno yake hukata nailoni mara moja, kwa hiyo tumia ule waya. Jua likipanda nguru hushuka. Hapo tieni nanga na mteremshe mishipi chini kwa kungu, changu wakubwa na chewa. Wavuvi watakutajia kina kwa pima. Pima moja ni karibu mita 1.8.

Onyo: usizungushe mshipi kiganjani kamwe. Kolekole mkubwa akikimbia, mshipi huo utakata nyama hadi mfupa. Uache ulale sakafuni mwa chombo kwa mizunguko mipana, na miguu yako isiwe ndani ya mizunguko hiyo.

Mkondo ukiibeba chubwi, ongeza uzito mara moja. Zaidi ya hapo hameni.

## Hatua ya 7: Kukodi boti ya bahari kuu

Ifanye mapema, kabla ya likizo, ila usimalize malipo mpaka uione boti. Bei kwa kawaida huwa ya boti nzima, si ya mtu, basi tafuta wenzako wa kugawana nao. Uliza haya, na uandike majibu kwenye ujumbe wa simu ili yabaki:

- Saa za kuvua zinahesabiwa tangu gatini au tangu mshipi uingie majini?
- Mafuta, chambo, leseni na chakula vimo ndani ya bei?
- Samaki ni wa nani? Mara nyingi ni wa boti, na mgeni hupewa kipande. Ugomvi mwingi gatini huanzia hapa.
- Hali ya hewa ikiharibika, arbuni inarudishwa au inahamishiwa siku nyingine?
- Sulisuli na nduaro wanaachiliwa?

Kisha panda botini mchana, injini ikiwa imezimwa. Hesabu majaketi: moja kwa kila mtu, na yanayokutosha. Tazama redio ya VHF ikiwashwa mbele yako. Simu ya mkononi haitoshi huko nje. Uliza cheti cha ukaguzi cha Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya. Injini mbili ni bora kuliko moja. Nahodha mzuri hukuonyesha vyote bila kukunja uso. Akianza kukwambia "usijali, bosi," tafuta mwingine, hata kama boti yake ina viti vya ngozi.

## Hatua ya 8: Siku ya nne, kilindini

Bahati ya pwani hii ni kwamba chini ya bahari huporomoka kilomita chache tu kupita mwamba. Huhitaji kusafiri nusu siku kufika kwa samaki wakubwa. Mnaondoka saa kumi na mbili, upepo haujaamka, na mishipi inaingia majini mapema.

Boti itarambaza kwa kasi ya kama kilomita 12 hadi 15 kwa saa. Kazi yako ni macho. Tafuta membe, ndege wa baharini, wanaopiga mbizi pamoja: chini yao kuna dagaa, na chini ya dagaa kuna jodari. Tafuta mistari ya mwani na magogo yanayoelea, kivulini humo hukaa felusi. Ukiona kitu, onyesha kwa mkono na sema, usione haya.

Rili ikianza kulia:

1. Mwache baharia aondoe mishipi mingine. Wewe keti kitini au funga mkanda.
2. Usiguse breki ya rili. Imepangwa kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Mgeni hukaza kwa woga, na mshipi wa ratili 50 unakatika mbele yake.
3. Samaki akikimbia, mwache akimbie. Akisimama, inua rodi polepole, kisha ishushe huku ukizungusha rili upesi. Rudia. Usizungushe rili samaki anapovuta, unausokota mshipi bure.
4. Vuta kwa miguu na mgongo. Mikono peke yake itachoka upesi.
5. Karibu na boti, mara nyingi hukimbia tena. Hapo ndipo wengi huwapoteza, kwa kuwa wameshaanza kusherehekea.

Sulisuli na nduaro waachilie. Ndoana ya duara hunasa pembeni mwa mdomo badala ya tumboni, na samaki ana nafasi ya kuishi. Asipandishwe botini kwa ajili ya picha: baharia amshike mdomo mrefu ubavuni mwa boti, boti ikienda taratibu maji yapite kwenye matamvua, mpaka aanze kuogelea mwenyewe. Mpiga picha awe tayari kabla, si baadaye. Shirika la African Billfish Foundation, lililoko Watamu, huendesha kazi ya kuwawekea alama samaki hawa; uliza kama boti yako ina alama hizo.

Mkikutana na papa shilingi, kasa, pomboo au nyangumi, mishipi inavutwa na mwendo unapunguzwa. Tazameni, msiwafukuze.

*Umefaulu* ukirudi umekaa wima, ukijua kwa nini kila samaki aliyeponyoka aliponyoka.

## Hatua ya 9: Samaki wako

Samaki unayemla aingie kwenye barafu ndani ya dakika, si saa. Mtoe damu kwa kumkata matamvua, mtoe matumbo, kisha barafu kilo moja kwa kila kilo ya samaki, juu na chini yake.

Jodari na nguru ndio wa kuogopwa zaidi. Wakiachwa kwenye joto, nyama hutengeneza histamini, ambayo haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha, na samaki anaweza asinuke hata kidogo. Dalili ni uso kuwaka, kichwa kugonga, vipele na kuharisha muda mfupi baada ya kula. Samaki aliyelala sakafuni mwa boti tangu saa mbili hadi saa saba mchana usimchukue, hata ukipewa bure.

Kama unarudi bara, mgandishe usiku mzima hotelini au kwa muuza samaki, mfunge kwa magazeti tabaka nyingi, na weka kasha ambalo halivuji. Uliza masharti ya basi, treni au ndege siku moja kabla. Wakikukatalia, peleka kichwa na mifupa jikoni kwa mwenyeji wako ale mchuzi wa nazi, na minofu mle pamoja jioni hiyo hiyo.